Kosa ni la Mkono au la Mpini?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya shamba, lakini yafaa pia kwa mchezo wa gofu, ambao huchezwa kwa fimbo za aina nyingi na ambao hausemi wazi kama aliyekosa ni mchezaji au ni fimbo yake. Mpira ukipotea kichakani, mchezaji huutazama mkono wake kwa huruma na fimbo yake kwa shaka. Jambo hili si dogo. Kwa mtu mwenye fedha nyingi shaka hiyo huishia dukani, wala haimdhuru. Kwa mtu wa kipato kidogo inaweza kula akiba ya mwaka mzima bila kumpunguzia hata mkwaju mmoja.

Jijini Dar es Salaam mchezo huu unachezwa katika uwanja wa Gymkhana, karibu na ufuko wa bahari, na katika uwanja wa Jeshi la Wananchi uliopo Lugalo, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Wanaoonekana huko si matajiri peke yao. Wapo vijana wanaobeba mikoba ya wachezaji, ambao huitwa makedi, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Tanzania walianza kwa kazi hiyo. Wapo wanawake ambao, kama Madina Iddi, Neema Olomi na Hawa Wanyeche, wamelichezea taifa katika gofu ya ridhaa. Swali la lini mchezaji abadili fimbo zake linawahusu hao kuliko linavyomhusu mwenye duka.

Na uchukuliwe mfano wa kijana akaaye Buguruni, ambaye alfajiri hupanda daladala kwa Barabara ya Uhuru, akapita Ilala na Kariakoo hadi mjini, kisha akaenda kwa miguu hadi uwanjani. Amebeba mikoba kwa miaka mitatu, na siku zinazoruhusiwa hucheza kwa fimbo kuukuu alizopewa na mchezaji mmoja. Handikapu yake, yaani mikwaju anayofidiwa ili aweze kushindana na walio hodari, imeshuka kutoka 28 hadi 16. Sasa mtu anamwuzia seti nzima, iliyotumika kidogo tu, kwa fedha zinazolingana na akiba yake yote. Je, anunue?

Jibu la kisayansi ni kwamba asinunue wala asikatae kabla ya kuuliza swali jingine: makosa yake yanamfuata nani, yeye au fimbo?

MAKOSA YA NAMNA MBILI

Mwenye genge katika soko la Buguruni anaujua msingi wa jambo hili, ingawa pengine hakuusoma darasani. Mizani ikizidisha gramu 50 kila mara, bila kujali nani anapima, mizani ndiyo yenye kasoro, na kasoro hiyo yaweza kurekebishwa. Lakini vipimo vikizidi mara hii na kupungua mara ile, haisaidii kununua mizani mpya ikiwa mkono unaoshika kamba ndio unaotikisika.

Katika gofu pia kuna makosa ya namna hizo mbili. La kwanza ni mtawanyiko: mpira mmoja huenda kushoto, wa pili kulia, wa tatu hupungukiwa, wa nne huvuka shimo. La pili ni mwegamo: mipira yote huangukia upande mmoja wa shabaha. Mtawanyiko ni shahidi dhidi ya mkono. Fimbo haina kumbukumbu wala hasira. Urefu wake, uzito wake na pembe zake havibadiliki kati ya pigo la kwanza na la pili. Basi mapigo mawili yanayotofautiana sana kwa fimbo ile ile yametofautishwa na mchezaji.

Mwegamo hauna budi kuchunguzwa zaidi, kwa sababu waweza kutoka pande zote mbili. Mchezaji anayefungua uso wa fimbo kila apigapo atapeleka mipira kulia kila siku, hata kwa fimbo bora kuliko zote duniani. Kwa hiyo mwegamo peke yake si hukumu, bali ni sababu ya kufungua kesi.

FIMBO MPYA INAWEZA NINI?

Kabla ya kesi hiyo kusikilizwa, yafaa ijulikane ni kiasi gani fimbo mpya inaweza kuongeza. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi uzito wa gramu 45.93. Kichwa cha fimbo ndefu ya kuanzia huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Kasi ya mpira baada ya pigo hutegemea kasi ya kichwa, uzito wa vyote viwili, na uwezo wa uso wa fimbo na mpira kurudishiana nguvu. Kanuni za mchezo zimeuwekea uwezo huo kikomo cha 0.83, na tangu mwaka 2008 kikomo hicho kimekuwa kwa wachezaji wote duniani. Kwa hesabu hiyo, kichwa kiendacho mita 40 kwa sekunde huupa mpira kasi isiyozidi mita 60 hivi kwa sekunde. Fimbo ambayo urejeshi wake ni 0.78 tu huupa mpira huo kasi ya mita 58 hivi. Tofauti ni kama asilimia 3, yaani mita chache tu za umbali.

Jambo lifuatalo kutokana na kanuni hiyo halitangazwi dukani. Fimbo iliyotengenezwa mwaka 2010 kwa kufikia kikomo, na fimbo iliyotoka kiwandani mwaka huu kwa kufikia kikomo, zina urejeshi ule ule. Sheria imefunga mlango huo. Vivyo hivyo, ujazo wa kichwa ulifungwa mwaka 2004 usizidi sentimita za ujazo 460. Mwenye fimbo iliyotumika, ikiwa ni nzima, hana sababu ya kuionea haya.

Faida kubwa zaidi ya fimbo za kisasa imo katika kusamehe. Kichwa kikubwa, ambacho uzito wake umesogezwa pembeni, hakizunguki upesi mpira ukigongwa nje ya kitovu. Kwa makadirio, mpira ukigongwa sentimita 2 kando ya kitovu, kichwa kikubwa cha leo hupoteza asilimia 3 hivi ya kasi. Kichwa kidogo cha mti, kama vile vilivyotawala kabla ya kampuni ya TaylorMade kuanza kuuza vichwa vya chuma mwaka 1979, hupoteza asilimia 7 hivi. Basi mwenye fimbo za zama hizo ana sababu ya kweli ya kubadili, na sababu hiyo ina nguvu zaidi kwa mwanafunzi kuliko kwa bingwa, maana mwanafunzi ndiye akosaye kitovu mara nyingi. Lakini faida hiyo hupatikana mara moja tu, wakati wa kutoka fimbo za kale kwenda za kisasa. Hairudi kila mwaka pamoja na matangazo.

Tena fimbo yoyote haiwezi kuufuta mwelekeo uliotolewa na mkono. Uso wa fimbo ukigeuka nyuzi 2 tu wakati wa kugonga, na mpira ukaufuata uso huo, mpira uendao mita 200 utaanguka mita 7 nje ya shabaha. Hakuna duka linalouza dawa ya nyuzi 2 hizo. Dawa yake ni mazoezi.

NAMBA ZINAZODANGANYA

Mnunuzi hana budi kujihadhari na hila moja ambayo si uwongo kamili wala si kweli kamili. Fimbo za chuma hupewa namba kulingana na mwinamo wa uso: namba ndogo husimama wima zaidi na kupeleka mpira mbali, namba kubwa hulala zaidi na kuunyanyua. Katika miaka ya 1970 fimbo namba 7 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 36 au zaidi. Leo baadhi ya fimbo zenye namba hiyo hiyo zina nyuzi 30 au pungufu, yaani mwinamo uliokaribia ule wa namba 5 ya zamani.

Kijana wa Buguruni akijaribu namba 7 mpya na kuona mpira umevuka ule wa namba 7 yake kuukuu, atadhani amepewa nguvu. Huenda amepewa namba tu. Ni kweli kwamba watengenezaji husogeza uzito chini ili mpira upae vizuri hata kwa mwinamo mdogo, na hilo ni jambo la ufundi. Hata hivyo, anayelinganisha fimbo sharti alinganishe nyuzi kwa nyuzi, si namba kwa namba. Mnunuzi wa mitumba katika soko la Karume hanunui koti kwa kusoma kitambaa kilichoshonwa shingoni. Hulivaa, akanyoosha mikono, akainama, ndipo akauliza bei. Fimbo nayo ichaguliwe hivyo.

PALE AMBAPO FIMBO INA HATIA

Baada ya kusema hayo, ingekuwa dhuluma kumtwika mchezaji kila lawama. Methali ya jembe haimwagizi mkulima alime kwa jembe lililolegea mpini. Yako mambo manne ambayo fimbo inaweza kushitakiwa kwayo kwa haki.

La kwanza ni mshikio. Mpira wa mshikio huota utelezi kwa jasho, mafuta ya mikono na jua, na katika joto na unyevu wa pwani mshikio uliochakaa humlazimisha mchezaji kukaza vidole. Mikono iliyokazwa haizungushi fimbo kwa uhuru. Kuusugua mshikio kwa maji moto na sabuni hakugharimu kitu, na kuubadili ni nafuu mno kuliko kununua fimbo.

La pili ni urefu na ulalo, yaani pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi. Ulalo usiolingana na kimo cha mchezaji hugeuza uso wa fimbo pembeni bila mchezaji kujua. Kwa namba 7 yenye mwinamo wa nyuzi 34, kosa la nyuzi 2 katika ulalo linaweza kuusogeza mpira mita 3 hivi nje ya shabaha katika umbali wa mita 130. Hilo ni kosa la mwegamo lisiloponywa kwa mazoezi. Na baya zaidi, mwili hujifunza kulifidia, na ukishajifunza kupinda ni vigumu kuunyoosha.

La tatu ni ugumu na uzito wa mpini. Tangu klabu ya R&A ya St Andrews iliporuhusu mipini ya chuma mwaka 1929, mipini imetofautiana mno kwa ugumu, na mipini ya nyuzi za kaboni imeongeza tofauti hizo. Hapa wanawake na watoto ndio huonewa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hurithi fimbo zilizopimwa kwa wanaume: nzito, ndefu na ngumu. Msichana anayeambiwa kwamba hana nguvu huenda hana ila fimbo isiyo yake.

La nne ni uchakavu. Mifuo iliyochongwa usoni mwa fimbo fupi za kunyanyulia mpira huisha kwa mchanga, na hewa ya chumvi huleta kutu. Mifuo ikiisha, mpira hauzunguki vya kutosha kusimama karibu na shimo.

JINSI YA KUIAMUA KESI

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine za gharama. Unahitaji daftari, kamba ya kupimia, poda kidogo ya mtoto, utepe wa gundi na rafiki mmoja.

Kwanza, mchezaji apige mipira 30 kwa fimbo moja, akiandika kila mmoja umeanguka wapi, pamoja na ile inayomtia aibu. Mipira 5 haitoshi. Ikiwa umbali wa mipira yake hutawanyika kwa mita 15 hivi, wastani wa mipira 5 unaweza kuyumba karibu mita 7 kwa bahati tu, ilhali wastani wa mipira 30 huyumba kama mita 3. Ili kupunguza mashaka kwa nusu, idadi ya mipira haina budi kuzidishwa mara nne. Ndiyo maana mapigo machache yanayopigwa mbele ya muuzaji hayathibitishi chochote.

Pili, apake poda usoni mwa fimbo. Kila pigo litaacha alama. Alama zilizotapakaa uso mzima zamwelekea mkono. Alama zilizokusanyika mahali pamoja, lakini mbali na kitovu, zatoa sababu ya kuupima urefu wa fimbo. Utepe ukibandikwa chini ya kichwa, na mpira ukapigwa juu ya ubao, mkwaruzo utaonyesha kama fimbo hugusa chini kwa katikati au kwa ukingo.

Tatu, na hili ndilo jaribio kuu, wabadilishane. Mchezaji aazime fimbo yenye mwinamo ule ule kutoka kwa mwenzake wa kimo chake, na mwenzake achukue yake. Wapige kwa zamu, mitano kwa mitano, ili uchovu na upepo wa bahari uzigawe fimbo zote sawasawa. Kosa likibaki kwa mchezaji hata alipobadili fimbo, fimbo haina hatia. Kosa likihama pamoja na fimbo hadi mikononi mwa mwenzake, hukumu imepatikana.

Nne, atazame mwendo wa handikapu yake. Katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, kipimo hicho hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Maadamu kinashuka, mchezaji bado anabadilika, na fimbo itakayopimwa kwa pigo lake la leo huenda isilifae pigo lake la mwakani. Mshonaji hampimi mtoto anayekua suti ya kudumu. Kinapokuwa kimesimama kwa raundi 20 au zaidi licha ya mazoezi ya dhati, ndipo mlango wa kununua ufunguliwe.

Kwa hiyo kuna kanuni mbili zinazoonekana kupingana lakini zinakubaliana. Kasoro za kipimo, yaani urefu, ulalo na mshikio, zirekebishwe mapema kwa sababu hufunza mwili vibaya. Ununuzi wa seti usubiri kwa sababu mwili haujatulia.

HOJA YA MOYO

Wako watakaosema kwamba fimbo mpya humpa mchezaji moyo, na moyo ni nusu ya mchezo. Hoja hii haifai kudharauliwa. Hata hivyo, moyo ulionunuliwa una tabia ya kuchakaa pamoja na rangi ya fimbo, na mchezaji aliyezoea kuuponya kwa fedha atahitaji dozi nyingine msimu ujao. Moyo utokanao na daftari, unaoonyesha kwamba mipira 18 kati ya 30 imeangukia pazuri badala ya 11, hauwezi kuibwa wala kupitwa na wakati.

Historia nayo inatoa ushahidi. Mwaka 1916 Chick Evans, Mmarekani aliyeanza akiwa mbeba mikoba na aliyebaki mchezaji wa ridhaa maisha yake yote, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa jumla ya mikwaju 286, akiwa na fimbo 7 tu. Jumla hiyo haikupunguzwa katika mashindano hayo kwa miaka 20. Leo kanuni huruhusu fimbo 14, lakini kuruhusu si kuamrisha. Mchezaji anayeinukia aweza kucheza vizuri kwa fimbo 7 au 8 zinazomfaa, akaongeza moja moja kila daftari linapoonyesha pengo.

WAJIBU WA WENGINE

Haitoshi kumwambia kijana apime ikiwa hana pa kupimia. Vilabu vya gofu vingefanya jambo la maana kama vingetenga meza moja yenye rula, kipima pembe, mizani ndogo na fimbo chache za kuazima, ikawa wazi kwa makedi kama ilivyo kwa wanachama. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya kugawa vikombe.

Mafundi wa Gerezani, Kariakoo na Buguruni, ambao kila siku hukata mabomba, huchomelea vyuma na kunoa visu, wana mikono ya kutosha kufupisha mpini, kubadili mshikio na kurekebisha ulalo wa vichwa vinavyokubali kupindwa. Wanachokosa ni vipimo na maelezo. Mafunzo mafupi chini ya VETA au SIDO yangeweza kuifanya kazi hiyo kuwa ajira halali, na kuwaokoa wachezaji wasitupe fimbo zinazohitaji matengenezo tu.

Ama kijana wa Buguruni, yafaa awe mgumu wa kutoa fedha kwa sasa. Handikapu yake imeshuka kwa mikwaju 12 kwa fimbo zile zile anazozishuku, na hilo ni ushahidi kwamba fimbo hizo hazijamzuia. Abadili mishikio, apime ulalo, acheze raundi zake 20, aandike. Akiba ibaki mahali pake. Siku kosa litakapohama pamoja na fimbo hadi mikononi mwa mwenzake, na anunue fimbo ile moja yenye hatia bila kusita, wala asimwogope mtu wa kumkumbusha methali. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima aliyekwisha kulima analijua jembe lililovunjika.